Oksimita inasoma 98, lakini je, mgonjwa anapumua?

Swali: Muuguzi wa Uangalizi

Habari za kazi, ndugu zangu wauguzi, madaktari na mafundi wa vifaa tiba. Ninafanya kazi katika chumba cha endoskopia, na jukumu langu ni kukaa kichwani pa mgonjwa aliyepewa dawa ya kumtuliza na kuhakikisha kwamba anapumua muda wote daktari anapopitisha kamera kwenye umio, tumbo au utumbo mpana. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii nimetegemea oksimita ya kidoleni inayoonyesha kwa asilimia kiwango cha oksijeni kwenye damu, mashine ya shinikizo la damu na macho yangu mwenyewe.

Wiki chache zilizopita lilitokea jambo ambalo hadi leo linaninyima raha. Mgonjwa alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, amepewa midazolamu ya kutuliza na fentanili, dawa kali ya maumivu, na alikuwa akipata oksijeni ya lita 4 kwa dakika kupitia mrija wa puani. Taa zilikuwa zimepunguzwa ili daktari aone skrini vizuri, na shuka lilimfunika mgonjwa hadi mabegani. Oksimita ilisoma 98. Nilipoweka mkono kifuani pake ili kurekebisha waya uliokuwa umelegea, niligundua kwamba kifua hakisogei hata kidogo. Nilimwita kwa jina, nikamsukuma taya mbele, akavuta pumzi ndefu, na kipimo kikaendelea hadi mwisho bila madhara yoyote. Kilichonishtua ni kwamba namba ile haikushuka chini ya 96 hata mara moja, na hakuna kengele iliyolia.

Sasa tumeletewa monita yenye uwezo wa kupima hewa ya ukaa katika pumzi anayotoa mgonjwa, nami nimetakiwa kuwafundisha wenzangu jinsi ya kuitumia. Naomba mnisaidie kuelewa kwa nini oksimita ilinyamaza, na kama kifaa hiki kipya kingeliona tatizo mapema zaidi. Vilevile, katika majaribio ya siku mbili tatu nimeona namba ikisoma 24 au 28 kwa mgonjwa ambaye kwa macho yangu hana shida yoyote, ilhali tumefundishwa kwamba kiwango cha kawaida ni milimita 35 hadi 45 za zebaki. Je, mashine ina kasoro? Na je, kila mgonjwa anakihitaji, hata yule wa kipimo cha dakika tano?

Jibu: Daktari wa Usingizi

Ndugu Muuguzi, nianze kwa kukupongeza, kwa sababu mkono wako juu ya kifua ulifanya kazi ambayo vifaa vyote vilivyokuwa chumbani havikuifanya.

Oksimita yako haikuwa na hitilafu. Hupitisha kwenye kidole mwanga mwekundu wa takriban nanomita 660 na mwanga wa infraredi wa takriban nanomita 940, kisha kutokana na jinsi kila mmoja unavyofyonzwa na damu inayodunda, hukadiria ni sehemu gani ya himoglobini iliyobeba oksijeni. Wazo hilo la kutumia mdundo wa damu alilibuni mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ni vigumu kutaja kifaa kingine kilichobadilisha usalama wa wagonjwa wetu kuliko hicho. Lakini hakipimi pumzi. Kinapima akiba ya oksijeni iliyokwisha kuingia kwenye damu, na akiba hudumu kwa muda hata baada ya pumzi kusimama.

Fikiria mapafu kama pipa. Mtu mzima akishatoa pumzi ya kawaida, hubaki na lita mbili hadi mbili na nusu za hewa mapafuni, na mwili wake uliotulia hutumia karibu mililita 250 za oksijeni kila dakika. Iwapo pipa hilo lina hewa ya kawaida tu, oksijeni iliyomo ni kidogo, na mgonjwa akiacha kupumua kiwango huanza kuporomoka baada ya dakika moja hivi. Iwapo pipa limejazwa oksijeni tupu, kama tufanyavyo kabla ya kumwekea mgonjwa mpira wa kupumulia, mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa karibu dakika 8 kabla ya oksimita kufika 90. Mrija wa puani wa lita 4 haujazi pipa kiasi hicho, lakini unaongeza akiba ya kutosha kuificha pumzi iliyosimama kwa dakika moja au mbili, na ndivyo ilivyokuwa kwa mgonjwa wako. Mtu mnene sana, mjamzito na mtoto mdogo hawana anasa hiyo, kwa kuwa pipa lao ni dogo au matumizi yao ni makubwa.

Kuna jambo la pili linaloifanya namba hiyo iwe na hila. Uhusiano kati ya kiwango kinachosomwa na shinikizo la oksijeni kwenye damu haufuati mstari ulionyooka. Kuanzia 100 hadi 90 shinikizo linaweza kushuka sana huku namba ikisogea kidogo tu. Ikifika 90, shinikizo huwa karibu milimita 60 za zebaki, na kuanzia hapo mteremko ni mkali. Isitoshe, damu huchukua muda kusafiri kutoka mapafuni hadi kidoleni, hasa vidole vikiwa baridi, na mashine nayo hupiga wastani wa sekunde kadhaa kabla ya kuonyesha namba mpya. Kwa hiyo kengele ya oksimita inapolia, unaelezwa habari za muda uliopita.

Wapo wanaosema basi tusimpe mgonjwa oksijeni ili oksimita itushtue mapema. Hoja hiyo ina mantiki yake, lakini mimi siikubali, kwa sababu inageuza akiba ya mgonjwa kuwa chombo chetu cha kutolea tahadhari. Mpe oksijeni, kisha ongeza kifaa kinachoona pumzi yenyewe.

Kifaa hicho ndicho mlicholetewa. Kapnografia huvuta sampuli ndogo ya hewa kutoka puani na mdomoni na kuipitisha kwenye mwanga wa infraredi wenye mawimbi ya karibu mikromita 4.3, ambao molekuli za hewa ya ukaa huufyonza. Mgonjwa akitoa pumzi, mstari hupanda, hukaa juu kidogo, kisha hushuka hadi sifuri anapovuta pumzi nyingine. Akiacha kupumua, au ulimi ukiziba koo, wimbi linalofuata halitokei, na mnalijua hilo ndani ya sekunde chache. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia wagonjwa 49 waliokuwa wakifanyiwa vipimo virefu vya endoskopia ya juu. Vilionekana vipindi 54 vya pumzi kusimama au kuvurugika, oksimita ikaja kutambua nusu tu ya vipindi hivyo, na mtazamaji wa kawaida hakutambua hata kimoja. Yaliyokupata si ya ajabu, wala hayaonyeshi uzembe.

Kuhusu namba ya 24, mashine yako huenda ni nzima kabisa. Kiwango cha 35 hadi 45 hupatikana kwa uhakika kwa mgonjwa mwenye mpira kwenye koromeo, ambako hewa yote hupita njia moja. Mrija wa puani hufanya kazi mahali palipo wazi: hewa ya mgonjwa huchanganyika na hewa ya chumba na oksijeni mnayompa, na namba hushuka. Hata hivyo, usiishie hapo, kwa sababu namba ndogo inaweza pia kuwa dalili mbaya. Kila pumzi huanza kwa kusafisha kiasi cha mililita 150 za hewa iliyo kwenye koo na mirija, ambayo haina hewa ya ukaa. Mgonjwa aliyelegezwa akipumua kwa pumzi fupifupi, hewa inayotoka mwishoni huwa ni hiyo hiyo ya njiani, na mashine husoma namba ya chini huku hewa ya ukaa ikijilimbikiza kwenye damu. Fentanili peke yake kwa kawaida huleta sura nyingine, yaani pumzi chache zilizotengana, kila moja ikiwa na wimbi refu na namba ya juu. Kwa hiyo hatari inaweza kuja na namba iliyopanda au iliyoshuka, na anayetazama namba peke yake atapotea njia.

Nina desturi mbili ninazowafundisha wanafunzi wangu. Ya kwanza ni kuweka mrija kabla ya dawa yoyote kudungwa, ili nijue wimbi na namba ya mgonjwa huyu akiwa macho. Baada ya hapo ninatafuta mabadiliko kutoka kwenye msingi huo. Ya pili ni kumwamsha kidogo mgonjwa mwenye namba ya chini na kumwomba avute pumzi moja ndefu. Ikiwa pumzi hiyo inaleta 27, basi ni mchanganyiko wa hewa tu. Ikiruka ghafla hadi 52, fahamu kwamba alikuwa hapumui vya kutosha na mashine ilikuwa haipati hewa ya kutoka ndani.

Jibu: Daktari wa Kamera

Namheshimu sana mwenzangu wa usingizi, na maelezo yake ya kisayansi sina la kuyapinga. Ila naona ni vyema Ndugu Muuguzi asiende kuwafundisha wenzake kwamba kifaa hiki kimethibitishwa kwa kila mgonjwa, maana ushahidi haujasema hivyo.

Faida imeonekana wazi zaidi pale usingizi unapokuwa mzito au kipimo kinapochukua muda. Jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2012, lililohusu wagonjwa 760 wa kolonoskopia (kipimo cha utumbo mpana) waliopewa propofoli, dawa ya usingizi ya kudungwa mshipani, lilionyesha kwamba kushuka kwa oksijeni kulitokea kwa asilimia 38.9 ya waliofuatiliwa kwa kapnografia, ikilinganishwa na asilimia 53.2 ya wale wa ufuatiliaji wa kawaida. Ni tofauti kubwa, ingawa msomaji makini atagundua kwamba kushuka huko kulihesabiwa hata pale kiwango kilipopungua kwa pointi 5 tu. Kwa upande mwingine, jaribio la mwaka 2016 kwa wagonjwa wa vipimo vya kawaida vya juu na vya chini waliopewa midazolamu na dawa ya jamii ya afyuni kwa kiwango cha kati, halikuona tofauti yoyote yenye maana. Kuhusu vifo au wagonjwa kuishia kuwekewa mpira wa kupumulia, matukio hayo kwa bahati njema ni machache mno kiasi kwamba majaribio ya ukubwa huu hayawezi kutoa jibu.

Mimi mwenyewe nimewahi kufanya kazi katika chumba ambacho kengele ya kapnografia ililia kila baada ya dakika mbili, mara mgonjwa akikohoa, mara akimeza, mara mrija ukichomoka puani ninapogeuza kamera. Baada ya wiki moja kila mtu alikuwa ameizoea, na kengele iliyozoeleka ni hatari kuliko kutokuwa na kengele. Kama mna monita moja na vyumba viwili, nisingesita kuipeleka kwenye ERCP (kipimo kirefu cha mirija ya nyongo na kongosho), kwenye propofoli, na kwa mgonjwa anayekoroma sana usiku, mnene, au mwenye ugonjwa wa mapafu. Mgonjwa kijana mwenye afya, anayepewa dawa kidogo kwa kipimo cha dakika tano, atalindwa vya kutosha na muuguzi asiye na kazi nyingine mikononi. Maneno hayo ya mwisho nayasema kwa uzito: muuguzi yule yule anayeshika koleo la kuchukulia kipande cha nyama cha kupimwa hawezi kuwa anatazama pumzi.

Jibu: Daktari wa Usingizi

Ninakubaliana na Dokta kuhusu kengele, na kuhusu mahali pa kuanzia kama vifaa ni vichache. Tunachotofautiana ni neno "kiwango cha kati". Usingizi wa aina hii hauna ngazi zenye kuta. Mgonjwa huteleza kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kubisha hodi, na kipimo kile kile cha midazolamu kinachomwacha kijana akizungumza kinaweza kumlaza kabisa mzee wa miaka 80. Ni kwa sababu hiyo chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, ASA, kilipobadilisha viwango vyake vya msingi mwaka 2011, kilitaka hewa ya ukaa inayotolewa ifuatiliwe katika usingizi wa kati na vilevile mzito, isipokuwa hali ya mgonjwa, kipimo chenyewe au kifaa kiwe kizuizi. Hatujui kabla ya dawa ni nani atakayeteleza.

Jibu: Fundi wa Vifaa Tiba

Naomba niongezee ya upande wetu, kwa kuwa nusu ya kengele anazozilalamikia Dokta huwa ninaitwa kuzitibu, na mara nyingi dawa yake ni ndogo.

Kwanza, chagueni mrija wenye ulimi mdogo unaoshuka mbele ya mdomo. Mgonjwa wa endoskopia ya juu ana kizuizi cha meno na mdomo uko wazi, hivyo sehemu kubwa ya pumzi hutokea mdomoni. Mrija wa puani peke yake utaonyesha mstari uliolala huku mgonjwa akipumua vizuri. Pili, mate na mvuke huziba njia ya sampuli. Monita nyingi zitaandika kwamba kuna kizuizi, lakini kabla ya hapo wimbi huanza kuwa dogo na la mviringo. Badilisheni mrija, msijaribu kuupuliza kwa bomba la sindano kuelekea kwenye mashine, kwani maji yakifika ndani mtakuwa mmenunua tatizo la gharama kubwa. Tatu, kabla ya mgonjwa wa kwanza, muuguzi apumulie mwenyewe kwenye mrija mpya mara mbili tatu na kuona wimbi. Hiyo ni kazi ya sekunde kumi, nayo huonyesha mrija uliopasuka au uliofungwa vibaya. Muda wa kengele ya kutokuwepo kwa pumzi nao unaweza kurekebishwa; sekunde 10 zitawachosha, ilhali sekunde 20 hadi 30 huacha kikohozi na kumeza vipite.

Msidanganyike na namba ya upumuaji ambayo monita nyingi huionyesha hata bila kapnografia. Namba hiyo hutokana na stika za ECG, zile za kifuani zinazopima umeme wa moyo: mashine hupitisha umeme mdogo sana wa masafa ya juu kati ya stika mbili na kupima jinsi ukinzani unavyobadilika kifua kinapotanuka. Inapima mwendo wa kifua tu. Koo likiziba, mgonjwa ataendelea kuhangaisha kifua na tumbo bila hewa kuingia, na mashine itahesabu kila hangaiko kama pumzi. Katika kolonoskopia hata mkono wa msaidizi unaobonyeza tumbo unaweza kuhesabiwa, na mara nyingine mapigo ya moyo yenyewe.

Vipo vifaa vingine pia. Kuna kihisi kinachobandikwa shingoni na kusikiliza sauti ya hewa kooni. Ni kizuri kwa sababu hakitegemei mdomo wala pua, lakini kelele, mazungumzo na kamera inayopita koo hukisumbua. Kuna kihisi cha ngozi kinachopashwa moto hadi nyuzi 42 hivi na kukadiria hewa ya ukaa iliyo kwenye damu. Kinafaa kuonyesha mwelekeo katika kipimo kirefu, ila huchukua dakika kadhaa kutulia na hakitawaambia kwamba pumzi imesimama sasa hivi. Kuhusu oksimita, kumbukeni vidole vyenye rangi nzito ya kucha na mikono baridi, na pia rangi ya ngozi. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba, pale oksimita iliposoma kati ya 92 na 96, kipimo cha damu kilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa Weusi, ikilinganishwa na asilimia 3.6 ya Wazungu. Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi, 93 isitazamwe kama 93 ya kutuliza moyo.

Nyongeza: Muuguzi wa Uangalizi

Nawashukuru sana nyote. Leo asubuhi nilifuata ushauri wa kuweka mrija kabla ya dawa, na mgonjwa aliyeanza na 33 akafika 25 baada ya dozi ya pili. Nilimwomba avute pumzi, ikaja 46. Nilimweleza daktari, tukasubiri kabla ya kuongeza dawa, na namba ikarudi yenyewe. Bila desturi ile ningesema mrija umelegea.

Nina mambo mawili yaliyobaki. Chumba chetu kinajaza utumbo kwa hewa ya ukaa badala ya hewa ya kawaida. Je, haiwezi kuidanganya mashine? Na wenzetu wa chumba cha pili wameanza kutumia oksijeni ya mkondo mkubwa puani, na wanasema wimbi limepotea kabisa.

Jibu: Daktari wa Usingizi

Kwenye kolonoskopia hewa hiyo iko mbali na mdomo, nayo kiasi kidogo kitakachofyonzwa na damu hutolewa na mapafu iwapo mgonjwa anapumua vizuri. Asipopumua vizuri, huwa ni mzigo wa ziada. Kwenye endoskopia ya juu inaweza kuvuja na kutoka mdomoni, na hapo utaona mstari wa chini usiorudi sifuri au mawimbi yasiyolingana na mwendo wa kifua. Usilihesabu kama pumzi wimbi ambalo mkono wako kifuani haulitambui.

Oksijeni ya mkondo mkubwa ni habari nyingine. Jaribio la China la mwaka 2019 kwa karibu wagonjwa 2000 wa gastroskopia (kipimo cha tumbo kwa kamera) waliopewa propofoli lilionyesha kwamba iliondoa kabisa kushuka kwa oksijeni, kutoka asilimia 8.4 hadi sifuri, hivyo sishangai kwamba wenzenu wameipenda. Lakini mkondo wa lita 30 hadi 60 kwa dakika husukuma na kuzimua hewa ya ukaa kabla haijafika kwenye mrija wa sampuli, na wakati huo huo hujaza lile pipa hadi oksimita haina la kusema. Vifaa viwili vinanyamaza kwa pamoja. Katika chumba hicho muuguzi aondoe shuka kifuani, awashe taa ndogo upande wa kichwa, na aweke stethoskopu juu ya koo la mgonjwa. Na kama wana kihisi cha shingoni, hapo ndipo mahali pake.

Jambo moja zaidi kabla sijarudi kazini: usiondoe mrija mara kamera inapotoka. Kamera kooni ni kichocheo kinachomfanya mgonjwa apumue, na ikishatolewa dawa hubaki bila upinzani. Vivyo hivyo kwa aliyepewa naloksoni au flumazenili, kwani zote mbili zinaweza kuisha nguvu kabla ya dawa zilizokuja kupinga, na propofoli haina ya kuipinga kabisa. Mgonjwa aende chumba cha uangalizi na mrija wake, na wimbi liendelee kuonekana hadi atakapojibu anapoitwa kwa sauti ya kawaida.